Mkakati Wangu wa Upande wa Pili wa Meza

Jumatatu, 3 Machi

Nimeupata! Mkakati wa meza ya dadu, mzima mzima, umenijia nikiwa nakula. Ni miaka miwili sasa tangu mke wangu aende kumsalimia dada yake akanogewa hukohuko, na leo ndiyo siku ya kwanza sikuongea na sufuria.

Jana mchana Shemeji, kaka yake mke wangu, alinipeleka kasino. Shemeji ana mdomo kama tarumbeta na hana mkakati hata chembe, anacheza kwa ndoto alizoota. Mchezo wenyewe ni rahisi. Mtu mmoja anarusha dadu mbili. Akipata, tuseme, nane, inabidi aipate nane tena kabla ya saba kutokea. Wote huweka sarafu zao za plastiki upande wake, wanampigia kelele. Saba ikitangulia, wote kwisha habari yao.

Tulipoteza mara nne. Kila tukipoteza watu wananipiga mgongoni, pole kaka, pole sana. Mzee mmoja nisiyemjua alinikumbatia. Nilikuwa sijakumbatiwa tangu... basi tu.

Lakini macho yangu hayakulala! Pembeni mwa meza kuna mstari mwembamba wa wale wanaomwombea mrushaji saba. Mtupu! Na saba hutokea mara nyingi kuliko namba nyingine yoyote, nimehesabu kwa vidole mara tatu. Wajinga wote wamejazana upande mmoja. Mimi nahama.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi kazini. Mimi hukata lenzi za miwani chumba cha nyuma. Daktari wa macho hunipitishia karatasi kwenye kidirisha, na maongezi yetu ya kutwa ni "Tayari?" na "Bado." Nimerusha dadu mara mia mbili kwenye sinia ya lenzi. Saba zimetoka thelathini na nane! Kwa furaha nikamwekea mwalimu mmoja lenzi ya kulia kushoto. Alirudi saa tisa akichechemea, akasema aliona ngazi mbili na akapanda ile isiyokuwepo.

Daktari akaingia chumbani kwangu, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Alinifokea robo saa nzima. Nasema ukweli, alipotoka nilitamani arudi.

Alhamisi, 6 Machi

Lo! Mama Funguo kaja kuchukua miwani. Anachonga funguo kwenye kibanda mkabala na kasino, mjane, mcheshi, mikono yake ina vumbi la shaba hadi kwenye kucha. Nilitoka mwenyewe kumvalisha, daktari akabaki mdomo wazi. Akasema Jumapili aliniona kwenye meza, akaniuliza kama Jumamosi nitakuwepo. Saa nane ni zamu yake ya kurusha, na akimaliza hupenda kunywa chai na mtu, maana tangu afiwe chai ya peke yake haimshuki koo. Akasema, kaka, usiache kuja.

Haimshuki koo! Na yangu je? Sikumwambia. Nilimwambia fremu zimemkaa vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenyoa ndevu. Jioni nikanyoa tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifika saa saba. Shemeji alikwisha fika, anawasimulia watu ndoto ya ng'ombe wanane, watu hawana mbavu. Mama Funguo akaja na miwani yake mipya. Akanipungia mkono mimi. Mimi!

Akarusha: nane. Shemeji karibu apande juu ya meza. Wote wakaweka upande wa Mama Funguo. Nikajipiga moyo konde, nikakumbuka ile sinia ya lenzi, nikaziweka zangu zote kwenye mstari mtupu.

Mama Funguo akaziona. Akaniambia taratibu, kaka, hapo umekosea mahali, zisogeze huku. Alikuwa ananitabasamia. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba sikukosea, ni hesabu, saba ina njia sita na nane ina tano tu. Nikamwonyesha kwa vidole. Shemeji akajifanya anafunga kamba za viatu, naye kavaa ndala.

Akarusha. Nne na tatu.

"Hewala!" nikapiga kelele. Ukumbi mzima ulikuwa na hewala moja tu, yangu.

Mchezeshaji akanisukumia ushindi wangu kwa fimbo yake bila kuniangalia. Shemeji hakubakiwa na kitu. Wakampiga mgongoni, wakampa pole, yule mzee akamkumbatia. Nikatangaza kwamba chai ya leo ni juu yangu, ya wote! Nilipoinua macho nikaona mgongo wa Mama Funguo mlangoni, Shemeji yuko kando yake, anamsimulia ng'ombe.

Nimeshinda. Hakuna wa kumwambia. Nimeiambia sufuria.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda kibandani kwake kuchongesha ufunguo wa nyumba, mradi nipate neno la kuanzia. Akauliza ngapi. Nikasema mmoja, huwa nasahau wangu. Akachonga, akapuliza vumbi. Kisha akasema, bila hasira, kwamba ningezisogeza tungepoteza pamoja, na chai ya Jumamosi angekunywa na mimi, si na Shemeji. Akanitakia siku njema. Akamwita mteja mwingine.

Nimelifikiria neno lake njia nzima. Sijalielewa. Apoteze mtu mmoja zaidi, ili iweje? Nasikitika sana, lakini hesabu ni hesabu.

Kosa langu nimeliona: ile hewala. Niliitoa mapema, na kwa sauti. Jumamosi anarusha Shemeji, na Mama Funguo atakuwepo. Nitaweka mara mbili, mstari uleule, halafu nitashinda kimyakimya. Hapo lazima anipende.