Kizingiti cha Profesa na Ufadhili wa Mjukuu Wangu

Jumatatu, tarehe 3

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika mafundi wenzangu wote, na daktari aliyenishauri nisinunue viatu vipya. Baiskeli tatu pia zimekufa, mimi nipo. Kisomo changu ni cha watu wazima, nacho nilikiacha mwalimu alipoanza kunibishia. Lakini mwiko wa saruji naushika bado, na kalamu ni mwiko mdogo tu.

Leo sikutulia. Mjukuu wangu anaomba ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea shahada ya pili. Anataka kuchunguza udongo. Udongo! Mimi nimeukanyaga maisha yangu yote bila kufadhiliwa na mtu. Kautafuta ufadhili huo mwaka mzima kwenye kompyuta. Mmoja ulitaka waliokwishafanya kazi, mwingine ulitaka watu wa nchi nyingine, wa tatu ulishafungwa. Huu ndio wa mwisho, mwakani umri haumruhusu. Maombi mwisho Ijumaa. Akiukosa, ni kuuza vocha kwenye kibanda cha shangazi yake. Miaka yote ya chuo itakuwa kama kupaka rangi ukuta uliolowa.

Kikwazo ni profesa wake. Hajatuma barua ya kumpendekeza. Kila akikumbushwa, kesho. Nyumbani tunamwita Profesa Kesho.

Jirani yangu Karani (amestaafu, ila ukarani haujamtoka) kapita na ile kofia. Mjukuu wake kapata ufadhili, akamtumia kofia ya chuo. Anaivaa hata akienda msalani! Kanipa pole. Ati mambo hayo, mzee mwenzangu, yanataka uwe na mtu ndani. Chai yangu imepoa sijaigusa.

Jumanne, tarehe 4

Nimefika chuoni kabla ya mfagiaji. Enzi zetu tajiri akikuzungusha, unakaa mlangoni kwake na vifaa vyako mpaka aone haya. Nikakaa. Mhazili wa profesa, mama mcheshi, miwani inaning'inia kifuani, kaniuliza kama nina miadi. Nikamwambia miadi sina, makalio ninayo, nayo hayachoki. Kacheka mpaka kashika ukuta.

Profesa kila akipita, shikamoo mzee, huyoo! Adabu anayo, barua hana. Mchana nikasinzia. Si kulala, kusinzia. Nilipofumbua macho kashaondoka, na mhazili kanifunika sweta lake.

Lakini jicho la fundi halilali. Kizingiti cha profesa kimebomoka, na sakafu ya mbele imeliwa yote. Mtu uliyemjengea mlango bure atakunyimaje barua? Akili nywele!

Mjukuu alitaka kuniambia jambo. Nikamwambia nimechoka, kesho.

Jumatano, tarehe 5

Saruji, mchanga, ndoo, mwiko, na ubao wangu mrefu wa jukwaa la ujenzi. Mlinzi wa getini kauliza nani kaniagiza. Nikasema profesa, nikapita bila kugeuka.

Profesa alikuwa ndani, mlango kaufunga, anasahihisha kazi za wanafunzi. Sikumsumbua. Nikajenga kizingiti cha heshima, kisha sakafu nzima ya mbele, upana ambao mbuzi haruki. Nikailainisha mpaka nikatamani kujitazama ndevu. Hodari mimi!

Mara mlango ukafunguka. Ana kikao na mkuu wa chuo. Nikapiga ukelele asikanyage, saruji mbichi haijui mkubwa. Kauliza itakauka lini. Nikamjibu: kesho.

Madirisha yana nondo. Mhazili akawa anamhimiza, ruka baba, ruka! Akaruka. Mguu mmoja ukazama, akarudi ndani kinyumenyume na soksi. Kiatu kikabaki kwangu.

Nikamwambia kwa upole, mwanangu, maadamu upo, andika ile barua. Akasema barua aliituma Jumatatu jioni, na mjukuu wangu alishamshukuru.

Lo!

Mhazili akampigia simu mjukuu. Kaja mbio, kandambili mkononi. Babu, umenimaliza! Akamwomba profesa radhi kutoka upande wa pili wa saruji mpaka sauti ikamkauka. Profesa akawa anakung'uta saruji kwenye soksi. Neno lake moja tu kwa wafadhili, na barua ni bure.

Mwishowe profesa kavuta kiti. Kasema kwa kuwa hana pa kwenda, aletewe andiko la utafiti linaloambatana na maombi, alisome. Kumbe lile andiko lilikuwa limemshinda mjukuu, na haya zilimzuia kuomba msaada! Karatasi zikapita kwenye ncha ya ubao wangu nilioushika mkononi, zikienda safi, zikirudi zimekatwakatwa kwa wino mwekundu. Mjukuu akalia kidogo, akaandika upya. Wakashinda hapo wakirushiana maneno ya udongo.

Jioni nikaulaza ubao kutoka pakavu mpaka pakavu, profesa akapita juu yake kama kuku. Mhazili kauliza kwa nini sikuulaza asubuhi. Nikamwambia hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa, tarehe 7

Maombi yametumwa. Mjukuu hasemi nami. Chakula analeta, macho haleti.

Jumatatu, tarehe 17

Wafadhili wamemhoji kwa kompyuta. Mimi nilitumwa chumvi soko la mbali. Chumvi ipo, nimeiona kabatini.

Jumatano, tarehe 26

Amepata! Mke wa mwanangu kapiga vigelegele mpaka Karani katoka nje. Nikamwambia, wewe si ulisema mtu ndani? Mimi wangu nilimfungia ndani kwa saruji! Kavua kofia, kajikuna, kaenda zake.

Mjukuu kanikumbatia. Kaniapisha, Babu, usirudie tena. Nimeapa. Kisha kasema kimebaki kitu kimoja tu, viza, na pale ubalozini kila aendaye huambiwa njoo kesho.

Kesho!

Jioni nimepita pale mbele kunyoosha miguu. Ngazi yao ina ufa. Na saruji imebaki nusu mfuko.

Anayesema natia chumvi amwulize mhazili. Au aende akaone mlangoni kwa profesa, alama ya kiatu ipo, na kando yake jina langu, nimelichora kwa mwiko. Na kuanzia kesho asubuhi, awaulize walinzi wa ubalozi.