Gesi ya Chooni

Mtaani walimwita Injinia, na yeye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Asubuhi hiyo alikuwa akikatiza nyuma ya nyumba moja nzuri aliposikia, kupitia kidirisha cha chooni, maji yakichuruzika bila kukoma. Akanyoosha kola, akazunguka mbele, akabisha hodi.

Mama mmoja mnene alifungua mlango nusu, akihema.

"Shikamoo shangazi. Choo chako kinavuja."

"Marahaba. Eh... kumbe?"

Injinia aliingia kwa heshima zote. Akafunua tangi la choo, akatia wino wa buluu, wakasubiri bila kuflashi. Punde maji ya kwenye bakuli yakageuka buluu. Maana yake ilikuwa moja tu: kampira ka chini ya tangi kamechakaa, na kukabadilisha si kazi ya kutoa jasho. Injinia akatikisa kichwa kama mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba.

"Bomba la chini ya sakafu limepasuka, shangazi. Gesi inapanda. Ikikutana na moto wa jikoni, hii nyumba tutaiokota kwa jirani."

"Mungu wangu! Na vitu vyangu?"

"Vitoke vyote, leo hii. Mimi nitabaki nichimbe."

Uso wa shangazi uling'aa, jambo ambalo Injinia alilichukulia kuwa ni hofu. Shangazi akapiga simu, na lori likafika upesi ajabu. Injinia mwenyewe alibeba televisheni. Kisha akawatangazia majirani habari za gesi, nao wakaja mbio kusaidia friji.

"Polepole jamani! Mali ya mtu hiyo!" aliwakemea.

"Malipo yako jioni, mwanangu," shangazi alisema, akipanda lori.

Jioni waliingia mwenye nyumba na mkewe, wametoka safari, masanduku mkononi. Walimkuta Injinia ameketi sakafuni, maana viti havikuwepo.

"Wewe nani?"

"Fundi. Niliitwa na shangazi yenu."

"Shangazi yupi?"

Injinia akawageukia majirani waliokuwa wamejaa mlangoni. Majirani wakamsaidia tena: ndiye huyu aliyesimamia upakiaji.

Kituoni ilibidi aseme ukweli, kazi ambayo hakuizoea.

"Kwa hiyo," askari aliuliza, "ulikuwa unamtapeli mwizi?"

"Ndiyo, afande."

"Akiwa kazini?"

"Ndiyo, afande."

"Ukambebea televisheni."

"Na godoro, afande."

Askari aliweka kalamu chini taratibu, akaenda kuwaita wenzake waje wasikie.