Bahasha ya Bi Time na Mlima wa Kolombia

Soud wa Walthamstow, London, hapandi ngazi. Eskaleta ya stesheni ikiharibika, yeye hukaa kumsubiri fundi. Kwa hiyo siku aliyosoma tangazo la "sponsored walk" kwenye dirisha la duka la dawa, watu wanachangiwa pesa kwa kutembea tu, alisimama katikati ya soko kwa uchungu. Miaka yote hii anatembea bure!

Ijumaa mpango umeshaiva. Akaenda kwa Bi Time, ambaye kwa Wazanzibari wa mtaa ule neno lake ni muhuri.

"Bi Time, nimenuia jambo. Kuna mji wa kale Kolombia, magofu matupu, juu ya mlima. Siku nne msituni kwa miguu. Nyoka, mito, matope mpaka magotini. Mie ntakwenda, nyinyi mnichangie, tuchimbe kisima Pemba."

"Wewe?" Bi Time alikitazama kitambi. "Juzi lifti ilipokufa si ulilala kwa jirani wa chini?"

"Ndo maana mchango uwe mzito, mama."

Ukweli ni kwamba msitu wa Soud ulikuwa Kilburn, humo humo London, kwenye sofa la binamu yake Munir, na mnyama mkali pekee ni paka wa Munir. Picha alikuwa nazo tayari. Alizipiga kwenye bustani ya Kew Gardens, ndani ya nyumba ya vioo yenye minazi na mvuke, kajipaka tope mashavuni mpaka mlinzi akamuuliza kama anaumwa.

Bi Time akapita nyumba kwa nyumba, bahasha ya michango ikanenepa. Kila Soud akiichungulia, jibu moja: "Siku ya safari, mwanangu. We nipe pasipoti niisomee dua."

Akatoa. Nani anakataa dua?

Siku ya safari alifika kwa Bi Time asubuhi na begi lililojaa mto na pijama, achukue bahasha akimbilie treni ya Kilburn. Akakuta basi dogo linanguruma mlangoni, limejaa kinamama kumi na wawili na sufuria la pilau.

"Tunakusindikiza," Bi Time alisema.

"Jamani, msijisumbue..."

"Mtu wetu aondoke kama mwizi?"

Soud akapanda basi na begi lake. Na mjanja yeyote wa Kizanzibari angekumbuka hili mapema: kwetu unaweza kukimbia polisi, lakini huwezi kukimbia wasindikizaji.

Uwanja wa ndege wa Heathrow, mbele ya foleni, Bi Time akatoa bahasha. Soud akaipasua kwa meno. Ndani mna pasipoti yake na tiketi ya Kolombia.

"Pesa za kisima zishafika Pemba, fundi anachimba," Bi Time alisema kwa upole. "Tiketi na mwongozaji tumekulipia sie kwa kikoba chetu. Mwanangu Afra kaikata kwa ile pasipoti. Na mtu hasafiri peke yake, ntakupa Abdulwakil."

Abdulwakil, nesi wa Lewisham, kijana mpole asiyemkanyaga hata sisimizi, akapunga mkono. Nyuma yao vigelegele kumi na viwili vikafunga njia ya kurudi.

Siku ya kwanza msituni Soud aliteleza mara tisa, na mara ya kumi alikaa tu huko chini kupumzika. Lakini aliona kitu. Msafara una nyumbu mmoja, yule mtoto wa punda na farasi, na nyumbu ni wa kubeba majeruhi.

Alfajiri ya pili akalishika goti, akavuta pumzi ya kilio, mdomo ndo unafunguka...

"Mguu wangu! Mama wee!" Abdulwakil alikuwa anagaagaa.

Basi Soud akabeba mabegi mawili, siku mbili. Abdulwakil alimfariji kutoka juu ya nyumbu: "Nyanyua magoti, kaka. Kunywa maji."

Asubuhi ya nne wakafika chini ya magofu: ngazi za mawe elfu na mia mbili, zina ukungu, zinateleza kama bamia. Nyumbu hapandi.

Soud akaangusha mizigo, akacheka kwa mara ya kwanza. "Haya, majeruhi! Tumekwama wote. Turudi nyumbani."

Abdulwakil akaruka chini kwa miguu yote miwili, akafunga kamba za viatu, akaanza kupanda ngazi mbili mbili.

"Wee! Na mguu?"

"Bi Time alinambia," sauti ilitoka ukunguni. "Alisema siku ya pili utavunjika mguu, nikuwahi."

Soud akakaa kwenye ngazi ya kwanza. Alikuwa ametapeli watu kutoka Kilburn mpaka Lewisham, na hakuwahi kuona kazi safi namna hii. Akavua kofia kwa heshima.

"Kaka!" iliita sauti, mbali kule juu. "Usije bila begi langu. Ndo lenye chakula."

Akabeba.