Uzinduzi wa Bahari ya Kata ya Minazi Mitano

(Imenakiliwa neno kwa neno na Flaviana, karani wa kata, katika uwanja wa shule ya sekondari ya kata, Temeke. Mzungumzaji ni Mheshimiwa Leodegar Kornelio, Mratibu wa Uchumi wa Buluu wa Kata. Yaliyo kwenye mabano nimeyaona kwa macho yangu.)

(Soketi ni moja tu. Mshereheshaji, Brightson, anachomoa waya wa kipampu cha hewa cha tangi la samaki na kuchomeka spika.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na nafasi yake naikaimu mimi mwenyewe, kwa hiyo nachukua fursa hii kujikaribisha. Ndugu Wenyeviti wa Mitaa yote sita pamoja na ndoo zenu. Ndugu Wajumbe wa Kamati ya Uteuzi wa Samaki. Walimu, wanafunzi, mama lishe, vijana wa bodaboda mlioegesha pale kwa utii. Wazee wetu, shikamooni! (Umati: "Marahaba!" Watoto wa chekechea nao wanaitikia marahaba.) Na wale ambao vyeo vyenu havikuenea kwenye karatasi yangu, kila mmoja ajiheshimu kimoyomoyo kwa kiwango anachostahili, tuendelee. (Makofi.)

Ndugu wananchi, kata yetu iko Dar es Salaam, mji wa bahari, lakini tangu kata hii iundwe hakuna hata kikombe kimoja cha bahari kilichowahi kufika ofisini kwetu kwa njia rasmi. Wenzetu wa Kinyerezi wana gesi. Wenzetu wa Tandale wana soko. Mwananyamala wana hospitali. Sie wa Minazi Mitano tulikuwa na nini? Tulikuwa na minazi, na hata hiyo mitatu ilishakatwa. (Sauti: "Minne!") Minne, ahsante, takwimu zinaendelea kuhuishwa. Ndipo mimi, nikiwa nimekaa ofisini nikitafakari kwa kina na kwa mapana, nikapata vision, nikaibadilisha ikawa roadmap, na leo hii mnaiona mbele yenu, ndani ya kioo, ikiwa na ujazo wa lita themanini za bahari halisi. (Makofi, vigelegele.)

(Mwalimu Atuganile, anayefundisha biolojia shuleni hapa, ananyoosha mkono. "Samahani mheshimiwa, naomba soketi, samaki wanahitaji hewa.")

Maswali mwishoni, mwalimu. Hewa ya kata hii ni safi na inawatosha wote bila ubaguzi.

Ndugu wananchi, Mradi wa Bahari kwa Kila Kata, Awamu ya Kwanza, umejikita katika swali moja zito ambalo mataifa mengi yameshindwa kulijibu: mtu anayeanza kufuga samaki wa maji chumvi katika tangi dogo, achague samaki gani? Ili kulijibu swali hili kishirikishi tuliomba ushauri wa kitaalamu kwa Mwalimu Atuganile, naye aliniandikia barua ya kurasa mbili ambayo niliisoma yote, hadi saini. Ananiambia, nanukuu: "Mheshimiwa, mwaka juzi niliwaua samaki tisa kwa haraka zangu. Nilichota maji asubuhi, mchana nikawatia wote kwa pamoja. Kufika Ijumaa hakuna aliyekuwa hai, na Kidato cha Pili walilia. Safari hii nilikaa na maji na mawe matupu wiki sita, nikiyapima kila siku, mpaka maji yalipokuwa tayari kubeba kiumbe." Mwisho wa kunukuu. Wiki sita, ndugu zangu! Mtu mzima anatazama maji! Hiyo ndiyo mindset ninayoipiga vita. (Kicheko meza kuu. Wanafunzi hawacheki.)

Anaendelea kusema kwamba anayeanza asijaze tangi, achukue samaki wawili tu, wadogo, wagumu, wasio wagomvi, na ikiwezekana waliozaliwa kwenye tangi, maana wale wa porini huwa hawajui kula chakula cha kopo. Ndiyo hawa wawili mnaowaona, hawa wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe. Wazuri, sikatai. Lakini wawili, ndugu wananchi? Wawili ni akidi? Kikao cha watu wawili kinaitwa nini? (Mwajabu, anayekaanga samaki pale getini: "Kinaitwa ndoa!" Kicheko kirefu.) Mama Mwajabu, ahsante, lakini tuko kwenye jambo la kiserikali.

Na sasa naomba mtazame kioo. Tazameni wenyewe! Nilipoanza kuzungumza, samaki hawa walikuwa chini, kwenye mawe, hawana habari. Sasa hivi wamepanda juu kabisa, wameelekea huku, midomo wazi. Wananisikiliza! (Makofi mazito. Wapiga picha wanasogea.) Nimehutubia mikutano mingi katika utumishi wangu, lakini sijawahi kupata wasikilizaji wenye usikivu wa namna hii.

(Mwalimu Atuganile amesimama. "Mheshimiwa, hawasikilizi, wanakosa pumzi! Jamani, dakika moja tu ya soketi!" Brightson anamwomba akae, itifaki isivurugike. Kaka mkuu anampisha kiti cha mbele, jirani na tangi.)

Mnaona jinsi wataalamu wetu wanavyoguswa. Kaa, mwalimu, nimeipokea hisia yako.

Kwa kuwa samaki wawili si uwakilishi, Kamati ya Uteuzi ilikaa vikao kumi na vinne na kuandaa framework ya kuchagua samaki kwa kufuata mitaa, kila mtaa samaki mmoja, ili kesho na keshokutwa asije mwananchi akasema bahari hii ni ya watu fulani. Nitawatambulisha, na kila ndoo ikitajwa mwenyekiti wake asimame nayo.

Mtaa wa Mabatini wametuletea chewa. Simama, mwenyekiti. Huyu ni chewa kijana, ana urefu wa mkono wangu mpaka hapa kwenye kiwiko, na mdomo wake mnauona wenyewe. (Mwajabu: "Mheshimiwa, huyo na hao wadogo tangi moja? Anawameza hujashuka jukwaani!") Mama, tusihukumiane kwa ukubwa wa midomo. Chewa ameshapewa maelekezo.

Mtaa wa Kwa Shoka wameleta bunju. Huyu akiguswa kidogo anavimba, jambo ambalo baadhi ya wajumbe waliliona ni kasoro, lakini mimi nikawaambia hiyo ni sifa ya uongozi. Mtaa wa Kisiwani wameleta mkunga, anayekaa shimoni na kutoka usiku, tumempa idara ya ulinzi. (Makofi.) Mtaa wa Majani Mapana hawakupata samaki, wameleta kaa. Najua kaa si samaki, msinifundishe kazi, lakini kanuni zetu zinaruhusu kukaimu, na kaa atakaimu nafasi ya samaki kwa miezi sita huku mchakato ukiendelea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilizua mvutano, nalo ni mitaa miwili ya mwisho, yenye ndugu zetu wengi kutoka bara, ambao wameleta sato na kambare. Mwalimu akanifuata ofisini, akaniambia mheshimiwa, hawa ni wa maji baridi, ukiwatia kwenye chumvi wanakufa. Nikamuuliza, mwalimu, mimi nimezaliwa wapi? Si ziwani? Nilikuja mjini hapa nimebeba sanduku la bati, maji ya kisima ya kwanza niliyokunywa yalikuwa na chumvi mpaka chai ikakataa sukari. Nilikufa? (Umati: "Hapana!") Niliharisha siku tatu nikazoea! Kambare naye atazoea. Mtu asimkatie tamaa kambare kwa sababu ya alikotoka. (Makofi makubwa kuliko yote mpaka sasa. Mwenyekiti wa kambare anafuta machozi. Ndani ya ndoo, kambare hana habari.)

Sasa takwimu, maana mimi ni mtu wa takwimu. Mwaka jana kata hii ilikuwa na samaki wa tangi sifuri. Leo tuna wawili, na ifikapo mwisho wa hotuba hii watakuwa wanane ukimhesabu kaimu. Hilo ni ongezeko ambalo vikokotoo vya ofisi vilishindwa kuliandika, kila tukigawanya kwa sifuri vinaandika kosa, tukaona isiwe tabu, tumeandika asilimia elfu moja. Asilimia mia moja ya samaki wote wa kata, mpaka ninapozungumza, wako hai. (Mwalimu Atuganile: "Mmoja ameanza kulala ubavu!") Na mmoja kati yao, kama mlivyosikia, amepumzika.

(Ni kweli. Mdogo kati ya wale wawili amelala ubavu, tumbo linapanda na kushuka. Wanafunzi wa Kidato cha Pili wamesimama wote. Mwalimu Atuganile anachota maji ya tangi kwa kikombe cha chai cha meza kuu na kuyamimina kutoka juu, tena na tena, ili yapate hewa. Machozi yanamtiririka na hayafuti.)

Machozi ya furaha hayo, wapiga picha msiyakose. Ndugu wananchi, kiongozi ukiona mtaalamu wako analia hadharani ujue umegusa mahali. Mie nilipokuwa mdogo hakuna kiongozi aliyenijengea bahari. Leo mtoto wa Minazi Mitano hana sababu ya kwenda ufukweni kulowa, bahari imemfuata darasani, na stakeholders wetu wameshaanza kuuliza, je, hii Awamu ya Kwanza ikikamilika, Awamu ya Pili itakuwaje? Nami nawajibu bila kupepesa macho, Awamu ya Pili ni nyangumi. (Makofi, yakianzia meza kuu.)

Nisiwachoshe, ingawa nina kurasa tisa bado. Kwa mamlaka niliyokaimishwa, natamka kwamba sasa ni wakati wa kuwaingiza wawakilishi wa mitaa katika bahari yao. Wote kwa pamoja, ili asiwepo wa kusema alitangulia. Brightson, tuanze na chewa, nyanyua ndoo, wapiga picha mkae tayari, nahesabu mpaka tatu na kila mtu aseme Minazi Mitano oyee. Moja. Mbi—

(Sauti inakatika. Mwalimu Atuganile amepiga goti chini ya meza kuu, amechomoa spika na kuchomeka kipampu. Wanafunzi wanashangilia kuliko walivyoshangilia hotuba nzima. Wananchi wa nyuma wanadhani hotuba imekwisha, wanaelekea kwenye pilau. Mwalimu anasimama mbele ya tangi, mikono ameitanua, kikombe bado kidoleni. Anamwambia Brightson, "Mwaga huyo chewa humu, nami nitakumwaga wewe." Brightson anatua ndoo.)

Ndugu wananchi! Ndugu wananchi, tulieni, ni hitilafu ndogo ya kiufundi! (Mheshimiwa anaendelea kwa sauti yake ya kuzaliwa, inayofika safu ya pili.) Minazi Mitano! (Wananchi wanaendelea kuelekea kwenye pilau.) Tangi dogo! (Mtoto mmoja: "Samaki wadogo!" Haikuwa kwenye ratiba.) Hapana, kijana, kiitikio ni "Bahari kubwa"! Tunarudia, tangi dogo! (Kidato cha Pili, kwa pamoja: "Samaki wadogo!")

(Mwajabu amezipitia ndoo zote sita. Chewa, mkunga, kaa, sato na kambare wanaelekea getini kwenye karai lake. Bunju amerudishiwa mwenyekiti wake, kwa kuwa ana sumu. Wenyeviti wengine wanafuata ndoo zao, kila mmoja akiulizia kipande cha mkia.)

Basi nihitimishe kwa shukrani, na kwa kuwa spika imezimwa na tuliobaki hapa ni sie kwa sie, nitazisema kama zilivyo. Naishukuru Kamati ya Uteuzi kwa vikao kumi na vinne, na chai. Namshukuru aliyetushonea utepe, ambao hatukuukata na tutautunza. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Mwalimu Atuganile kwa kutuazima tangi lake alilotengeneza kwa vioo vya kabati, na mawe yake, na maji yake aliyoyachota mwenyewe kwa madumu, na samaki wake wawili, kwa ajili ya shughuli ya leo, maana Mradi, nikisema ukweli wa Mungu, haupo. Haujawahi kuwapo. Kilichokuwapo ni bango, na hilo bango nalo ni la kuazima, nyuma yake limeandikwa mambo ya chanjo ya kuku. Kwa hiyo mwalimu, tukishapiga picha moja, utanyanyua tangi lako urudi nalo darasani, na ripoti yangu itaandika kwamba bahari imekabidhiwa kwa wananchi.

(Mwalimu Atuganile hajasikia hata neno moja. Amepiga magoti mbele ya kioo na wanafunzi wamemzunguka. Viputo vya hewa vinapanda mfululizo. Yule mdogo ametikisa mkia, amejigeuza, amekaa sawa. "Jamani, amenyooka!" anasema mwalimu, na sasa ndiyo analia kwa furaha. Samaki wote wawili wanafunga midomo, wanageuka, wanashuka taratibu kwenye mawe yao.)

Na nyie mnashuka mnakwenda wapi? Sijamaliza!