Ufufuo wa Seva ya Pili

Jumatatu, 4 Machi
"Seva ikiharibika mfumo endeshi, data zake zimekwenda." Hayo kayasema Miwani, fundi mwenzangu, mbele ya mkuu, kwa sauti ya kutangaza msiba. Upuuzi mtupu. Mfumo ulioharibika kwenye seva yetu ya pili unakaa kwenye diski moja ndogo. Picha za eksirei za hospitali nzima ziko kwenye nyingine nane, salama. Kitasa kikivunjika, nani husema nyumba imeungua? Miwani anataka zifutwe, eti seva mbili zilizobaki zina nakala. Mkuu kasema atakayeifufua seva kabla ya Ijumaa atapewa kitengo akiongoze. Atanitambua.

Jumanne, 5 Machi
Nimechomoa diski zote nane, nikazifunga kwa sweta na kuzificha kabatini. Miwani afute hewa.
Saa nne daktari wa picha kaingia amefura. Kumbe zile seva mbili zimedhani mwenzao harudi tena, zikaanza kunakili kila kitu upya. Zimeelemewa, picha hazifunguki, mgonjwa yuko mezani. Akauliza, ndugu yangu, mnacheza nini huku? Nikasema ni ukaguzi. Miwani kazituliza kwa amri moja. Akanionya tu, seva mbili zikizimika pamoja, hospitali nzima haioni picha. Kiburi kilioje!

Jumatano, 6 Machi
Mfumo mpya umekaa. Nikafungua sweta. Diski sikuziandika namba. Ipi ilikaa wapi? Mke wangu kasema kwenye simu nimuulize Miwani. Nikamjibu heri nile sweta.

Alhamisi, 7 Machi
Nimezipachika kwa kubahatisha. Miwani kapita, kasema kwa upole, kaka, nafasi si hoja, kila diski inajijua. Ila seva yako itataka ufunguo wa siri wa kujiunga na wenzake, akaongeza, mimi ninao. Nikamwambia nilikuwa nampima tu. Nikaupokea.
Moja ikaamka. Ya pili. Hadi ya nane, zote taa za kijani! Daktari kafungua picha ya nyonga mara moja, kasema ahsanteni. Ahsanteni? Alimwona nani mwingine?

Ijumaa, 8 Machi
Kitengo ni changu. Miwani kapiga makofi, bila shaka kwa wivu. Mkuu anataka mwongozo wa maandishi. Wa nini, na mimi nipo? Nimebandika tangazo mlangoni: Miwani na wote mlio chini yangu, fikeni chumba cha seva saa tisa alasiri, mnitazame nikizibadilishia mfumo zile seva mbili nyingine, zote kwa mpigo. Msiguse kitu. Na daktari mwambieni asubiri.