Picha Kumi na Nne kwa Sekunde

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimeruka tena kutoka Nairobi hadi Kisumu bila kutoka nyumbani kwangu Njiru. Nimeruka vibaya. Juu ya Longonot mawingu yalikuwa yametulia, nami nimetulia ndani yake, nusu karani wa kaunti, nusu rubani. Kisha kompyuta yenye mchezo wangu wa ndege ikaanza kuganda. Picha kumi na nne kwa sekunde! Ndege ikawa inaruka kama chura. Nikaanguka Naivasha.

Aibu yenyewe ni kwamba Baba alikuwa amekaa kando yangu. Mzee Zedekiah, miaka thelathini na mmoja kwenye reli, hajawahi kupanda ndege. Jumatatu ijayo anarudi nyumbani kwa basi, na amesema Nairobi hataikanyaga tena. Nimemwahidi kwamba Jumapili, tukitoka kanisani, nitamrusha hadi Kisumu aione reli yake kutoka juu. Nimeahidi mbele ya mke wangu Akech, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Baba akauliza mbona mashine nimeivisha kitambaa. Nikamweleza habari za vumbi la machimbo ya mawe. Akasema injini isiyopumua haipandi milima ya Mau. Mzee wa makaa! Nikamwambia kwa heshima kwamba hii inakula stima ya ukutani.

Jirani yetu Muriuki, mlango wa tisa, akachungulia. "Niaje Kapteni, leo umefika ama umeshukia Naivasha?" Akasema nikishindwa nimpeleke mzee kwake, mashine yake inateleza tu. Heri nife.

Jumanne, 15 Julai

Nimesoma mtandaoni. Tatizo ni RAM. Yangu ni ndogo, kompyuta inasahau mlima kabla haijamaliza kuuchora.

Kazini nimegonga mihuri kwenye leseni za vioski huku nikiwasikia waongoza ndege wa mnara wa Kisumu wakiniita. Mama mmoja akaniuliza kama nimelala. Nikamwambia niko futi elfu kumi na nane. Akaomba ahudumiwe na mwingine.

Jioni nikapita kwa Mumin, muuza vifaa vya kompyuta pale Eastleigh. Pesa sina, lakini mwenye akili hakosi njia. Nimempa ile wufa, spika kubwa ya sebuleni, ambayo Akech hufanyia mazoezi ya kwaya, naye amenipa RAM. Akech nimemwambia wufa imeenda kutengenezwa.

Kikabaki kitambaa cha wufa. Akech anafumia kila kitu kitambaa: televisheni, friji, maikrowevu, hata chupa ya chai. Kitambaa kisicho na kitu chini yake kinauliza maswali. Nikakitandika juu ya kompyuta, juu ya kile kingine. Ikapendeza sana.

Nikaruka. Picha kumi na moja. Sielewi. RAM imeongezeka na picha zimepungua.

Alhamisi, 17 Julai

Tatizo si RAM. Ni kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha zenyewe. Yangu imezeeka, inachora kama inavuta pumzi kwa shida.

Maikrowevu yetu hupasha chakula Jumapili tu, siku nyingine ni pambo. Nimeibeba ndani ya gunia hadi kwa Mumin, Akech akiwa sokoni Burma. Mumin, mtu mwangalifu, akauliza kama mashine yangu hupata joto sana. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwa baridi hii ya Julai nimeifunika vizuri, haiwezi kuugua. Akataka kuongeza neno, wateja wakamwita.

Kitambaa cha maikrowevu ni cha sufu, cha zambarau, kina maua. Sasa mashine ina vitatu. Akech akarudi, akasema imekuwa kama bibi harusi. Jikoni hakuingia, Mungu ni mwema.

Picha nane. Nikaanguka Limuru, ambako hata basi hufika.

Jumamosi, 19 Julai

Siku mbaya. Asubuhi nilimwambia Muriuki asihangaike kumwalika Baba, kwa sababu mzee anaogopa urefu. Muriuki akamuuliza Baba mwenyewe kwenye ngazi. Baba akajibu kwamba ujanani alikuwa akitembea juu ya mabehewa treni ikienda. Muriuki akacheka mpaka akashika ukuta. "Wacha za ovyo, Kapteni. Leta buda kwangu kesho."

Baadaye Baba akaniita kando. Akasema taratibu kwamba yeye ni mzee, dirisha lolote litamtosha, hata la Muriuki. Hakukasirika. Ndiyo maana iliniuma. Nilipokuwa mdogo, pale Makongeni, nilikuwa nikimwonyesha ndege zinazoshuka Embakasi, naye ananiambia siku moja nitampandisha. Nina miaka arobaini na saba. Siku moja ni kesho.

Jumapili, 20 Julai

Nimefika Kisumu!

Niandike kwa utaratibu. Tulirudi kanisani saa saba. Baridi ya kuuma mifupa. Baba akakaa, akasugua magoti, kisha bila kuuliza akanyoosha mkono akavua vitambaa vyote vitatu vya mashine. Kimoja magotini, viwili mabegani. Nikataka kumzuia, vumbi lisiingie, lakini mzee akisikia baridi utamwambia nini?

Tukaruka. Nikangoja tugande juu ya Limuru. Hatukuganda. Longonot ikapita chini yetu polepole, kubwa, imetulia. Picha arobaini na tano! Jua la kompyuta lilikuwa laini, mawingu yanatupisha. Baba akaomba tushuke kidogo, tuifuate reli. Tukaifuata. Alikuwa akitaja stesheni moja moja, kama anaita majina ya wanawe: Njoro, Molo, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni. Tukaipita Kibos. Mbele yetu ziwa likafunguka, pana, la fedha, halina mwisho.

Baba akavua kofia. Akasema, "Kumbe hivi ndivyo Mungu alivyokuwa akituona tukipita." Kisha akanishika bega na hakuliachilia mpaka magurudumu yakagusa ardhi. Nililia kidogo. Rubani halii, lakini nililia.

Muriuki, aliyekuja kushuhudia aibu, akasema tu, "Hiyo ni safi." Imemtoka kwa shida.

Siri ni hii: kadi mpya ya grafiki huchukua siku tatu kuizoea nyumba. Nilijua tangu mwanzo.

Dosari moja. Akech alikuwa akimtazama Baba, akakitambua kitambaa cha zambarau. Akaenda jikoni. Akarudi. Akasema tutaongea mgeni akishaondoka.

Jumatatu, 21 Julai

Baba ameondoka na basi la asubuhi. Tumeongea, mimi na Akech, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Yeye ndiye aliyeongea. Kwaya itaimba bila wufa, na kila mwanakwaya ataambiwa ni kwa sababu yangu.

Tumegundua pia kwamba vitambaa vyote vitatu vimeenda na Baba. Viko ndani ya begi lake. Mzee amevipenda. Nimeguswa moyo.

Alhamisi, 24 Julai

Kisumu mara mbili, Lodwar mara moja. Picha arobaini na sita. Niko angani na siwazi mtu. Lakini kila nikitua naitazama mashine yangu, uchi, vumbi la Njiru likiikalia. Kadi iliyonigharimu amani ya ndoa haistahili kukaa hivyo.

Jumamosi, 26 Julai

Baba amepiga simu. Baada ya salamu akauliza kama mashine inapumua. Akasema vitambaa alivichukua makusudi na nisiivishe tena. Nimemwelewa: anaona haya kwa kuvibeba bila kuomba, hataki tuingie gharama ya vingine. Nikamwambia asijali kabisa.

Maana tayari ninacho. Ili kupatana na Akech, tangu Jumatatu nimekuwa nikimsifia mkono wake, nikamwomba anifumie kimoja cha kushinda vyote. Akalainika. Amekimaliza leo: sufu nzito, mara mbili, kinashuka mpaka chini kuzunguka mashine yote. Nimekitandika mwenyewe, nikakinyoosha pembe, nikaruka.

Picha sita. Nikaanguka kabla ya Ngong.

Sasa nimelijua tatizo lenyewe. Ni prosesa, ubongo wenyewe wa mashine. Nimempigia Mumin, anauliza nina kitu gani cha kubadilishana. Friji yetu bado inagandisha vizuri, na kitambaa chake ni kipana, kitafunika hata skrini.