Mwadilifu wa Copper Wells

Leland Crabtree alipomwona mkuu wa polisi wa Copper Wells akila nyama ya bure, kisha akimdai mwenye hoteli ushuru wa kiti alichokalia, roho yake ilisuuzika. Mji wenye mlafi kama huyu, alijisemea, una riziki yangu.

"Mzee Stiles, una sura ya sinema," alimwambia. "Natengeneza picha ya farasi na bastola. Askari mmoja anawakomesha wala rushwa."

"Na mimi ndiye mla rushwa?"

"La hasha! Wewe ndiye mwadilifu."

Stiles alicheka hadi mchuzi ukampalia. Kisha akalipia nafasi hiyo, na Mungu ni shahidi, Arizona nzima haikuwahi kumwona akilipia kitu. Wengine wakafuata. Kinyozi alinunua kufa kwa risasi, Bi Opal wa hoteli akanunua kulia juu ya maiti. Kamera yenyewe haikuwa na mkanda hata wa dawa.

Crabtree alijipa nafasi ya jambazi, kwa sababu zake. Jambazi angekamatwa na mfuko wa fedha, fedha hizohizo za watu, na kufungiwa katika jela ya sinema: mbao za mbele tu zilizopakwa rangi, nyuma peupe. Watu wakipiga makofi huku mbele, yeye angekuwa anakimbilia treni.

Siku ikafika. Stiles, kofia nyeupe kichwani na nyota kifuani, alimkamata barabara. Mlangoni akampokonya mfuko.

"Mzee, mfuko unaingia na mimi!"

"Huu ushahidi, mwanangu. Mimi mwadilifu." Akamsukuma ndani, akafunga.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za Crabtree ziliishia kwenye ukuta wa mawe, kwa paji la uso.

"Upepo ulitaka kuangusha mbao zako," Stiles alimnong'oneza dirishani, "nikaziegemeza kwenye jela yangu. Halafu nikachungulia ile kamera. Mwanangu, hata mimi nikiwaibia watu huwaachia kitu."

Treni ikapiga honi. Stiles akaipanda bila haraka, mfuko kwapani.

"Mwizi!" Crabtree alilia akitikisa nondo, na machozi yalikuwa ya kweli. "Jamani, anaondoka na fedha zenu!"

"Huyu kijana anajua kuigiza!" alisema Bi Opal, akijifuta macho.

Mji mzima ukasimama kumpigia makofi, na Stiles akawapungia kofia nyeupe mpaka treni ikapotea.